Nesi Aliyetikisa Kichupa

Kabla ya kumchoma mtoto yeyote, Nesi alikitoa kichupa cha chanjo kwenye boksi la baridi, akakitikisa kwa nguvu kama anayechanganya dawa ya kikohozi, akakisimamisha dirishani, kisha akakaa. Alikaa robo saa, wakati mwingine nusu saa, akizungumza na kinamama huku jicho moja likiwa kule dirishani. Kinamama wa Mafiga, pale mjini, ambao wengi wao walikuwa wanawahi sokoni, walinung'unika waziwazi. Mmoja aliwahi kumwuliza kama anasubiri kichupa kiote majani. Nesi alimjibu bila kugeuka kwamba anatazama kama kimeamka salama. Hatimaye alikiinua kwenye mwanga, akakichungulia kwa chini, akasema, "Haya, huyu mzima," na kazi ikaanza.

Nilimfahamu kwa karibu miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliiweka tabia ile katika fungu la vituko vyake vingine visivyo na madhara. Sikuwahi kujiuliza ilianza lini. Kule milimani, tulikofahamiana mara ya kwanza, sikumbuki hata siku moja kumwona akitikisa kichupa.

Sijui alizaliwa mwaka gani wala ukoo wake ni upi. Nilijua tu kwamba alitoka upande wa Gairo, na nilijua hivyo kwa sababu ya karanga. Aliagiza karanga za kwao kwa kila gari la mtu anayemjua, na alizidharau za kwetu hadharani, akisema ni maganda yaliyojifanya chakula. Wengine walimwita Sista, lakini kwenye zahanati ya misheni kule milimani, ambako masista wa kweli walikuwapo, jina hilo lilileta mkanganyiko, kwa hiyo yeye alibaki kuwa Nesi. Jina hilo lilimtosha milimani na lilimtosha mjini. Mpaka leo nikimtaja kwa jina lake la ubatizo, hakuna jirani anayeelewa ninamzungumzia nani.

Hakuwadanganya watoto. Manesi wengine humwambia mtoto kwamba sindano haiumi, ni kama kuumwa na mbu. Nesi aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akamwambia, "Itauma, halafu itaisha." Kuna watoto waliopiga kelele kwa kuambiwa hivyo tu, kabla ya pamba kuwagusa, na mama zao walimlaumu. Lakini niliwaona pia watoto waliokaza midomo, wakasubiri iishe, kisha wakamtazama kwa namna ya mtu aliyelipwa alichoahidiwa.

Huyu huyu aliogopa sindano kuliko kitu chochote duniani. Aliposhikwa na malaria mwaka ule wa kwanza wa kuhamia kwake Mafiga, nilimsindikiza akapimwe. Kijana wa maabara alipoufunga mpira mkononi mwake, Nesi alinikamata kiganja, akafumba macho na kuanza kusali Salamu Maria kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye foleni. Nilimwuliza amewachoma watu wangapi maishani mwake. Akaniambia mpishi halazimiki kuingia chunguni.

Kalamu yake ilifungwa kwa uzi kwenye kifungo cha gauni, na hakuna aliyeruhusiwa kuiazima, hata daktari. Kwa kalamu hiyo aliandika tarehe kwenye kadi za watoto, herufi kubwa zilizosimama wima, na kila tarehe aliiandika baada ya sindano, kamwe si kabla. Wapo wazazi waliomwendea miaka baadaye wakiwa wamepoteza kadi, wakamwomba awajazie mpya kwa kumbukumbu. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Angeweza kuwajazia na asikosee. Hakufanya hivyo. Aliwaambia, "Mimi huandika nilichokiona, siku nilipokiona." Alimkatalia hivyo mke wa bosi wake, akamkatalia na jirani yake wa mlango wa pili, wakagombana kwa ajili hiyo mwaka mzima. Niliisifu sana tabia hiyo. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimesoma historia chuo kikuu, na nilimwona kuwa mtunza kumbukumbu wa aina ambayo nchi yetu haina ya kutosha.

Hapa inanibidi niseme jambo linalonihusu mimi, kwa sababu bila hilo picha yake haitakamilika.

Nilipangiwa kituo cha kwanza cha kazi kule milimani, juu ya Matombo, mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na huko ndiko nilikojifungua binti yangu wa pekee. Siku za kliniki, kinamama walishuka kutoka vitongoji vya juu na watoto migongoni, wakapanga kadi zao mezani, na baada ya sindano wakazichukua na kuzikunja ndani ya khanga bila kuzitazama. Mimi niliisoma yangu. Niliisoma papo hapo, nimesimama, kisha nikailinganisha na bango la ratiba lililobandikwa ukutani. Siku moja Nesi aliniandikia tarehe ya kurudi, nami nikasema mbele ya wote, "Nesi, hiyo ni Jumapili." Kinamama wakacheka. Kwenye zahanati ya misheni, kumwita mtu kliniki siku ya Misa lilikuwa jambo la kuchekwa kweli. Nesi akaifuta tarehe kwa mstari mmoja, akaandika nyingine, akanirudishia kadi kwa mikono miwili.

"Kagua, Mwalimu," akasema.

Tangu siku hiyo kadi yangu ilinifikia kwa maneno hayo. Yakawa utani wetu, au hivyo nilivyoyachukulia. Baada ya mwaka na ushei nilihamishiwa mjini. Miaka michache baadaye naye akaletwa kituo cha afya cha Mafiga, akapanga nyumba mtaa wa pili kutoka kwangu, na siku ya kwanza aliyoniona sokoni alinyoosha fungu la mchicha alilolinunua, akasema kwa sauti, "Kagua, Mwalimu." Nilicheka mpaka machozi. Alikuja kwangu karibu kila Jumapili jioni. Binti yangu alikuwa akimshika gauni na kuivuta ile kalamu, naye hakumkemea. Sikuwahi kumwona akimruhusu mtu mwingine.

Binti huyo mwaka huu alichaguliwa kusomea udaktari.

Waliowahi kujaza fomu ya uchunguzi wa afya ya chuo cha udaktari wanaifahamu adha yake. Ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulitaka picha na mhuri, wa pili kifua, macho, mkojo na choo, wa tatu vipimo vya damu, wa nne chanjo, zikiwa na tarehe na sahihi ya aliyechanja. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa daktari, wenye maneno mawili: Anafaa, Hafai. Likatwe lisilohusika. Tulikuwa na siku kumi na nne mpaka mwisho wa kuripoti chuoni. Siku tatu za mwanzo zilikwisha kwenye madirisha. Mwenye mhuri alikuwa semina. Mashine ya picha ya kifua ilikuwa inasubiri fundi. Na nakala tuliyotoa steshenari ilikuwa imekatwa pembeni, kwa hiyo tulirudishwa tukatoe nyingine. Binti yangu aliyapokea yote kwa utulivu. Ni mimi niliyekuwa nikihema.

Hata hivyo nilikuwa na jambo la kujivunia. Wanafunzi wengi waliokuwa kwenye foleni ile hawakuwa na ushahidi wowote wa chanjo za utotoni. Kadi zao zililiwa na mchwa, au zililoa mvua, au ziko kwa bibi na bibi hakumbuki ni sanduku lipi. Mimi niliitoa ya binti yangu kutoka kwenye bahasha ya plastiki, mistari yake yote imejaa, herufi zimesimama wima. Karani aliigeuza huku na huku, akamwita mwenzake aje aione. Chanjo tatu za homa ya ini, ile ya virusi inayoweza kukaa mwilini kimya miaka na miaka, zilikuwa zimeandikwa pale, kila moja na tarehe na sahihi. Nilisimama kwenye dirisha lile kama mtu anayepokea cheti.

Majibu ya damu tuliyafuata siku ya tano. Mtaalamu wa maabara alituita pembeni, jambo ambalo hakuwafanyia wengine, akasema kipimo cha homa ya ini kimesoma. Nilimwuliza kimesoma nini. Akasema kimesoma kwamba virusi vipo. Nikamwambia haiwezekani, nikaitoa kadi, nikaiweka juu ya kaunta, nikamwonyesha kwa kidole sindano ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa kijana mpole.

"Mama," akasema, "mimi nasoma damu. Sisomi kadi."

Wakarudia kipimo kwa damu mpya. Majibu yakawa yale yale. Mimi na baba yake tukapimwa, kwa sababu daktari alieleza kwamba mara nyingi mtoto huvipata virusi kwa mama wakati wa kuzaliwa. Sote hatukuwa navyo. Daktari akasema basi huenda alivipata utotoni, kwa watoto wenzake, kwa kidonda au wembe, na kwamba chanjo haimkingi kila anayechanjwa. Akasema pia mambo mengi ya kutia moyo, kwamba wapo watu wengi wenye hali hii wanaosoma na kutibu wagonjwa, na kwamba kuna vipimo zaidi vya ini na vya wingi wa virusi ambavyo lazima vipelekwe Dar es Salaam. Lakini majibu ya huko yangechukua wiki kadhaa, na kabla ya kuyaona asingekata neno lolote kwenye mstari ule wa mwisho. Alipiga mhuri kwenye kurasa tatu. Wa nne aliurudisha bila sahihi. Chuo ndicho kitakachoamua kama kitampokea hivyo, alisema.

Mtu aliyesoma huamini kwamba kila mlango una karatasi yake. Wiki ile nilizunguka na bahasha, nikapiga simu kwa niliosoma nao, nikaandika barua na kuichana. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu wala wa kumwomba. Binti yangu alinikuta asubuhi moja nimeikodolea macho ile kadi, akaichukua kutoka mikononi mwangu, akairudisha kwenye plastiki. Akaniambia tukipenda tunaweza kwenda kumwuliza Nesi. Sikuwa na matumaini yoyote ya maana. Nadhani nilitaka tu kumsikia akisema kwamba alichoma alichoandika.

Nesi alikuwa amestaafu miaka mingi, magoti yamemkatalia, anaishi na binti wa dada yake pale pale Mafiga. Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, mbele yake ungo wa karanga za Gairo, anamenya. Binti yangu akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba kwa furaha, akamwita daktari wetu, akamjazia karanga mkononi. Kisha akaniona uso, akaacha kumenya.

Nilimweleza yote kuanzia fomu mpaka mstari usiokatwa. Nilipomaliza akaomba kadi. Aliishika mbali na macho yake, kama wafanyavyo wazee wasiovaa miwani, akapitisha kidole kwenye tarehe zake mwenyewe.

"Huu mwandiko wangu," akasema. Kidole kikarudi juu. "Mei. Juni. Julai."  Halafu akasema, "Mwaka ule wa baridi."

Aliyoyasema baadaye aliyasema taratibu, akitazama ungo. Zahanati ya misheni ilikuwa na friji la mafuta ya taa, lile ambalo moto wake ukipanda ndipo baridi yake inapozidi. Yeye ndiye aliyekata utambi, aliyeweka mafuta, aliyelinda moto uwe wa buluu usitoe moshi. Alifundishwa, na kufundishwa vizuri, kwamba adui wa chanjo ni joto. Hakuna aliyemwambia kwamba ana adui wa pili. Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali, ukungu haukutoka milimani mpaka adhuhuri, naye kwa hofu ya joto aliuacha moto umepanda kama alivyozoea miezi ya jua. Asubuhi moja ya Juni alifungua friji akakuta vichupa vimekuwa barafu. Alifurahi. Alidhani vimehifadhika zaidi. Aliviweka nje vikayeyuka, akachanja. Julai hali ilikuwa ile ile.

Mwaka uliofuata alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Alipoona barafu kwenye kuta za friji aliketi chini, akamweleza kwamba chanjo ile ya watoto, yenye kinga ya homa ya ini, ikiganda imekufa, na kuyeyuka hakuifufui. Akamfundisha namna ya kuijua: tikisa, weka, subiri. Iliyoganda huzama haraka na kuacha chengachenga chini.

"Kumbe ndiyo maana," nilisema, nikikumbuka dirisha la Mafiga na kinamama waliochelewa soko.

"Ndiyo maana," akasema.

Alimwita binti wa dada yake, akamwagiza daftari lililo chini ya godoro. Lilikuwa daftari la shule, jalada limechakaa, na ndani, kwa zile herufi za wima, majina ya watoto wote aliowachanja Juni na Julai ya mwaka ule. Karibu kila jina lilikuwa na alama ya vema. Aliwafuata, alisema. Alipanda vitongoji na boksi la baridi begani, akawachanja upya mmoja mmoja. Hakumwambia mama yeyote sababu. Aliwaambia kuna sindano ya nyongeza imekuja, wakamshukuru, wakampa ndizi.

Majina matatu hayakuwa na alama. La kwanza lilikuwa la binti yangu.

Nilimkumbusha kwamba wakati huo nilikuwa nimeshahamia mjini, kana kwamba nilikuwa natafuta kumtetea. Alitikisa kichwa. Alisema alinipata baadaye, alipohamishiwa huku. Alinipata kwa urahisi kuliko wote. Alikaa mezani kwangu kila Jumapili, na mtoto akimvuta kalamu. Mara mbili alikuja na dozi kwenye boksi.

"Sasa kwa nini, Nesi?"

Alichukua karanga moja, akaivunja, hakuila.

"Kwa sababu wewe ungekagua," akasema. "Wale wengine nilisema nyongeza, wakaniinulia mtoto nguo. Wewe ungetoa kadi. Ungeniuliza, Nesi, mbona tatu zimekamilika, hii ya nne ni ya nini? Ningekujibu nini mbele yako, Mwalimu? Ulikuwa unaniheshimu."

Nilitafuta hasira, na ilikuwapo, lakini sikuona mahali pa kuielekeza. Nilimwona mwanamke kijana aliyesimama na kadi mkononi mbele ya bango la ratiba, akisema hiyo ni Jumapili, na kinamama wakicheka. Watoto wa waliokunja kadi bila kuisoma walikingwa. Wangu alikuwa na kadi iliyokamilika. Nilikaa kwenye benchi la uani, mikono mapajani.

Nesi alimgeukia binti yangu. Alimwambia kwamba hawezi kuapa kuwa sindano zile ndizo zilizomponza, wala kuwa nyingine zingemwokoa. Lakini alikuwa na nafasi miaka yote hiyo, na hakuitumia. Alisema hamwombi msamaha kwa sababu hajui auombe kwa kiasi gani.

"Hakuna anayeweza kuapa, bibi," binti yangu akamjibu. Alikuwa ameliweka daftari magotini. Kisha, kwa sauti ya mtoto niliyokuwa sijaisikia kwa miaka, akauliza, "Hii nayo itaisha?"

 Nesi, ambaye hakuwahi kumdanganya mtoto, aliangalia ungo, na sisi wote tukasikia maganda yakipasuka chini ya vidole vyake ingawa hapakuwa na karanga ndani.

"Sijaiona," akasema hatimaye. "Siwezi kukwambia."

Keshokutwa yake binti yangu angepanda basi kwenda chuoni na fomu isiyo na neno lililokatwa. Nilidhani tumemaliza, nikainuka. Lakini yeye hakuinuka. Alikuwa anasoma daftari kwa makini, jina kwa jina, kidole kikishuka ukurasani. Akauliza wale wawili wengine ambao hawana alama ni wa kitongoji gani. Nesi akasema mmoja ni wa juu ya misheni, ng'ambo ya kijito, kwa mzee aliyekuwa akilima iliki. Wa pili mama yake aliolewa upande wa Kilosa, hakumpata tena. Watakuwa watu wazima sasa kama wewe, alisema. Labda wana watoto.

"Kuna mtu amewahi kuwaambia wapime?"

"Hakuna."

Binti yangu alitafuta kalamu kwenye begi lake, hakuipata. Nesi aliinamia kifungo cha gauni lake, akahangaika na uzi kwa vidole vyenye baridi yabisi, na uzi ulipokataa kufunguka akaukata kwa meno. Alimpa kalamu. Kisha akalisogeza daftari karibu zaidi, likiwa wazi kwenye ukurasa ule.

"Kagua, Daktari," akasema.

Binti yangu akaanza kunakili majina yale mawili nyuma ya nakala iliyoharibika ya fomu, ile iliyokatwa pembeni. Fomu yenyewe ilikuwa begini, na mstari wake wa mwisho ulikuwa bado una maneno yote mawili.